Wazungu Wapole

Jamaa wa bweni la pili, tangu nirudi mnaniuliza swali moja tu: "Hao Wazungu Wapole wakoje?" Nikiguna, mnasema naringa kwa sababu nimepanda lori. Basi naandika mara moja, mpokezane daftari. Asichane mtu kurasa kusokotea tumbaku, na wewe Kiula nakutazama. Habari za kibali cha kutoka shule, kibali cha lori na kibali cha petroli siandiki. Anayependa vibali aende bomani akakae kwenye benchi mpaka aote mizizi.

Iguguno, kabla ya kuondoka

Jina lilianzia barazani. Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, alikuja na karani wake kutuambia kwamba ng'ambo ya Kondoa kuna kambi ya Wazungu waliofukuzwa kwao na vita, wengi wao wanawake na watoto, na kwamba Serikali ingefurahi kama raia wangewakumbuka kwa chochote. Kabila lao alilitaja kwa Kiingereza. Karani akasikia "pole". Akafuta jasho, akafikiri, akatangaza kwa sauti kubwa:

"Bwana Shauri anasema kuna Wazungu Wapole!"

Baraza likaanguka kicheko. Bibi Nalaila, mkunga aliyezalisha nusu ya Iguguno na kuikaripia nusu iliyobaki, akainuka. "Wapole? Sasa kama wapo, mbona siku zote tulikuwa tunaletewa hawa?"

Karani hakulitafsiri hilo.

Mambo yangeishia kwenye kicheko, maana mnakumbuka mwaka wenyewe. Watu walikuwa wanachemsha majani ambayo hata mbuzi alikuwa anayanusa na kupita. Lakini akasimama Mzee Salimu Makala, yule mnunuzi wa ngozi, mtu asiyesema mpaka swala ya Ijumaa ipite. Akasema, "Katika vita ile ya kwanza mimi nilikuwa kijana kama hawa wanafunzi. Askari walipita kwetu, wakala ng'ombe, wakamchukua baba akabebe mizigo, tukakimbilia porini na mama. Hakuna mtu aliyetuletea hata konzi moja ya uwele. Mimi nataka kabla sijafa nimwone mkimbizi anayeletewa. Hata kama ni Mzungu."

Siku ile ile kikazaliwa Chama cha Huruma, wa kanisani na wa msikitini pamoja, Mzee Salimu mwenyekiti, Bibi Nalaila mtunza vyakula. Kila nyumba ikatoa bakuli moja la uwele. Msidhani ni uwele wa kula. Wa kula ulikwisha zamani. Ulikuwa wa mbegu.

Mama yangu yeye hakucheka hata mwanzo. Aliuliza swali moja tu: "Hao Wapole wametoka wapi?"

"Wametoka vitani," karani akajibu.

Mama akakaa chini kama mtu aliyepewa kiti.

Mnamjua kaka yangu Msengi, aliyetufundisha kupanda mzinga bila kuumwa na nyuki, nikaumwa mimi peke yangu. Alikwenda vitani. Mavuno mawili yamepita hajaleta barua. Mama alikwenda bomani mara mbili kuuliza, mara mbili akaambiwa angoje. Sasa akapanga mambo kichwani mwake: Msengi yuko vitani, Wapole wametoka vitani, basi lazima wamepishana mahali, kama si njiani, ni kisimani.

Nikamwambia, "Mama, vitani si kijiji kama Ulemo. Dunia ni kubwa, tena ni ya mviringo, tumefundishwa."

"Kama ni ya mviringo," akasema, "basi wanaozunguka watakutana tu."

Akapanda kwenye dari, akashusha kibuyu cha asali. Ile asali ilikuwa huko tangu Msengi aondoke, ya kutengenezea pombe ya harusi yake. Hata mimi, mwizi mashuhuri, nilikuwa sijaigusa. Akakifuta masizi, akanipa.

"Uwape Wapole. Halafu uwaulize kwa adabu. Kijana mrefu, kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakina ncha, kilikatwa na shoka akichonga mzinga. Usiulize kwa mzaha, Kitundu. Hao ni wapole, watajibu."

Nilichaguliwa kwenda kwa sababu ya Kiingereza. Mwalimu alisema mimi ndiye mjuzi wa darasa. Nadhani alitaka kupumzika.

Iguguno mpaka Singida mjini

Lori lilikuwa la Mhindi mmoja mwenye duka, amelitoa kwa huruma, na huruma yenyewe haikuwa na breki. Dereva alikuwa Masanja, Msukuma, na mnajua Msukuma na Mnyiramba wakikutana hawasalimiani, wanatukanana. Ndio utani tuliokuta. Hata msibani mtani ana ruhusa ya kumsema marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna wa kumkasirikia. Sijaingiza mguu wa pili akaanza:

"We Mnyiramba, mtumwa wangu, shuka usukume. Lori hili halibebi watu wenye njaa."

"Limejifunza uvivu kwa dereva wake."

"Nasikia kwenu panya wamefunga mizigo wamehamia Usukuma. Halafu nyinyi mnapeleka chakula kwa Wazungu?"

"Tunakiwahisha kabla Wasukuma hamjaja kuomba."

Nikaona hadhira ipo, nikatoa kisa cha Mama. Nikamwigiza sauti, nikamwigiza na kidole: "Waulize, labda wamechota maji kisima kimoja!" Masanja akacheka mpaka lori likaacha njia likapita juu ya kichaka cha watu wasiohusika.

Mzee Salimu alikaa katikati yetu, amekumbatia kibuyu cha Mama kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Yeye hakucheka.

"Kitundu," akasema, "mama yako si mjinga. Vitani ni mahali. Mimi napajua."

"Ulikwenda, mzee?"

"Sikwenda. Palikuja penyewe. Pakamkuta mama anatwanga."

Tukafika Singida. Pale tulilala kwa jamaa zake wa Mwankoko, tukapewa uji mwepesi hata nikaona uso wangu ndani yake. Uso wenyewe haukunifurahisha.

Singida mpaka Kwa Mtoro

Siku ya pili tairi lilipasuka katikati ya pori. Mnajua sasa hakuna tairi, zote zimekwenda vitani. (Kumbe Mama hakukosea, hata tairi zinakwenda huko.) Masanja akatoa tyubu, akaitazama kama maiti, akaitupa. Kisha akatuamuru tukate majani makavu, tukayashindilia ndani ya tairi kwa vijiti mpaka likajaa. Tulikwenda hivyo kwa mwendo wa kinyonga, na kila baada ya kitambo majani yalisagika tukaanza upya. Mbuzi wawili walitufuata kwa muda mrefu, wakidhani chakula chao kimejifunza kutembea.

Njaa ilituuma tukiwa tumekalia magunia ya chakula. Masanja akamnong'oneza Mzee Salimu:

"Konzi moja tu, mzee. Wapole hawatajua."

"Bibi Nalaila atajua."

Mjadala ukafa hapo.

Lakini kulikuwa na kuku. Chama kilitoa kuku sita kwenye tenga, na mmoja wao, mwekundu, akataga. Masanja akaliona yai kwanza, mimi nikalishika kwanza. Mzee Salimu akalipokea, akaligeuzageuza juani kama kadhi, akahukumu:

"Yai hili halikuchangwa Iguguno. Tulipoondoka halikuwapo. Kwa hiyo si la Wapole. Ni la njiani."

Tukalichemsha kwenye kopo, tukaligawa vipande vitatu kwa uzi. Sijawahi kula haki tamu kama ile.

Kwa Mtoro tulifika alasiri. Mama mmoja wa Kisandawe alitupa maji kwenye kibuyu na mizizi ya porini, mitamu kidogo, yenye nyuzi za kukaa kwenye meno siku mbili. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kilitosha. Akagonga magunia.

"Wapi?"

"Kwa Wazungu," Mzee Salimu akasema. "Wamefukuzwa kwao. Wana njaa."

"Mzungu?" Akatutazama mmoja mmoja. "Mzungu, njaa?"

Akacheka mpaka akaketi chini, akafunika mdomo kwa kanga. Kisha akaacha ghafla, akaingia ndani, akatoka na mizizi mingine mitatu, akaiweka juu ya gunia. "Wape," akasema. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama mchi.

Mto Bubu

Kwetu hata wingu hatukuwa tumeliona, lakini Bubu ulikuwa umejaa hadi kingo. Yalikuwa maji ya mvua ya watu wengine. Tulikaa ukingoni siku mbili. Masanja aliniuza kwa Warangi mara nne, na mara zote nne wakanirudisha kwa sababu nilikuwa nakula sana.

Siku ya tatu maji yakashuka kifuani. Vijana wa Kirangi wakafunga kamba wakatuvuta. Katikati ya mto mmoja akauliza mzigo ni wa nani. Nikamwambia. Wote wakasimama, kamba mkononi, maji yanawapiga mbavu.

"Mmelazimishwa?"

"Hapana," Mzee Salimu akajibu, "tumetaka wenyewe."

"Basi mna wazimu," yule kijana akasema, wakaendelea kuvuta.

Mzee Salimu hakupanda lori. Alivuka kwa miguu, kibuyu cha asali kichwani, mkono mmoja juu, kanzu inaelea nyuma yake. Alisema lori likipinduka, uwele utaota mchangani, lakini asali ya mtu haioti.

Kambini

Tulifika asubuhi tukaachwa getini mpaka jua likahamia upande wa pili. Askari wa geti alikuwa Mgogo.

"Mmeleta nini?"

"Zawadi," nikasema. "Kwa Wapole."

"Mpole nani hapa? Jana wawili wamepigana kwa ajili ya ndoo."

Nikachungulia. Jamani, sikilizeni. Niliona Wazungu wanafua nguo zao wenyewe. Niliona mtoto wa Kizungu pekupeku, mguu una funza, analia kama sisi. Niliona mzee wa Kizungu amekaa juu ya sanduku, hafanyi kitu, hatazami kitu, hakuna anayempigia saluti. Vibanda vyao vilikuwa vya udongo na nyasi, ila wamepanda maua mlangoni. Nilikuwa nimeandaa vichekesho vingi vya kuwaletea. Pale getini vikaanza kunipotea kimoja kimoja.

Mwishowe akatoka Mwingereza wa stoo. Akachovya asali kwa kidole, akapenda, akasema itakwenda hospitalini kwa watoto. Kuku akawakubali. Kisha akafungua gunia, akachota uwele, akauacha umwagike polepole katikati ya vidole. Akaniuliza kwa Kiingereza:

"Mbegu hizi ni za kulisha ndege gani?"

"Ndege wanaoitwa Wanyiramba," nikajibu, lakini kwa Kiswahili, na taratibu.

Akatabasamu. Akamshika mkono Mzee Salimu, akamshukuru, akarudi stoo. Mzee alibaki anautazama mkono wake. Baadaye akanisukuma begani: "Sasa swali la mama yako."

Karibu na geti, mama mmoja wa Kizungu alikuwa anamenya viazi. Nywele nyeupe, vidole vimepasuka kama vya Bibi Nalaila. Sikujua nianzie wapi, nikaanza kama nyumbani:

"Pole na kazi, mama."

Akainua uso haraka. Akajigonga kifua kwa mpini wa kisu, akanijibu kwa Kiingereza kibovu kuliko changu: "Ndiyo! Pole. Mimi Pole." Kisha akaninyooshea kisu. "Wewe? Wewe Pole?"

"Hapana," nikasema. "Mimi si mpole, muulize mwalimu wangu."

Hakuelewa, lakini alicheka, na meno yake ya mbele hayakuwapo. Nikapata moyo. Nikainua kidole kidogo cha kushoto, nikakikunja ncha, nikamwuliza kwa Kiingereza changu chote kama ameona mtu mwenye kidole hiki. Akaweka kisu chini. Akakishika kidole changu, akakigeuza, akakipuliza, akatafuta kidonda. Kisha akachana ukanda wa kitambaa kwenye aproni yake, akakifunga vizuri kwa mafundo mawili. Kutoka kwenye lori nilimsikia Masanja anakufa kwa kicheko.

"Hapana, mama," nikasema. "Kaka. Kaka yangu. Vita."

Maneno hayo mawili aliyajua. Akaacha kucheka. Akaweka kiganja hewani, usawa wa bega lake. "Wangu," akasema. Akakishusha kidogo: "Wangu." Akakishusha tena, usawa wa goti. Halafu akakilaza kiganja chini, akalipapasa vumbi mara moja, mara mbili, taratibu, kama mtu anayelainisha sakafu ya udongo.

"Pole," nikamwambia. Safari hii sikuwa nataja kabila la mtu.

"Ndiyo," akajibu. "Pole."

Tukabaki hivyo, mimi nampa pole, yeye ananiambia kabila lake, na wote wawili tulikuwa tumesema kweli.

Akainuka, akaingia kibandani, akatoka na soksi za sufu, nene, za kijivu, amezifuma mwenyewe. Akanibandikia kifuani. "Kaka," akasema. "Baridi." Huko alikotoka vita ina baridi. Msengi, mara ya mwisho alipoandika, alisema huko aliko kuna mvua na joto, na ruba wanapanda mpaka kwapani. Nilitaka kumweleza, Kiingereza changu kikaisha. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Sasa hili linalofuata, Mzee Salimu alinikataza kulisema nyumbani. Nawaambia nyinyi kwa sababu mama zenu hawasomi.

Tulipokuwa tunageuza lori, watoto walikuwa wamepewa uwele kwenye bakuli. Wanautupa chini, wanaita, "Tsip, tsip, tsip!", na kuku wanakuja mbio, kuku wao na wale wetu sita, yule mwekundu akiwa mbele. Watoto walikuwa wanacheka vizuri sana. Hawakuwa na kosa. Kwao uwele ni chakula cha ndege, na walikuwa wakarimu kwa ndege. Mimi niliona mabakuli ya nyumbani. Bakuli la mama wa Kiula. Bakuli la Bibi Nalaila. Mbegu ya mwakani ya Iguguno inadonolewa mavumbini.

Masanja akazima injini.

Mzee Salimu alitazama muda mrefu. "Kuku nao," akasema, "wamefika ugenini leo. Waache wale. Washa gari, Masanja."

Kurudi

Kurudi mto ulikuwa umepungua, tukapita, na mbuzi hawakuwapo. Magunia matupu hayana uzito, lori lilikuwa linaruka kama mwehu. Karibu na Singida Mzee Salimu akaniuliza, "Utamwambia nini mama yako?"

"Nitamwambia wanamjua. Wamemwona mzima, amenenepa, anamsalimu."

Nilitegemea anikemee. Akatazama nje. "Basi useme vizuri," akasema. "Usichekecheke."

Njia nzima nikaufanyia mazoezi uongo wangu. Nikaupa kisima, nikaupa mti, nikampa Msengi kikombe cha bati mkononi. Ulikuwa uongo mzuri kuliko wote niliowahi kuwatungia nyinyi. Soksi zilikuwa ushahidi.

Mama alikuwa amesimama barabarani Iguguno. Sikupata hata nafasi ya kumwamkia. Alikuja mbio, kitu ambacho sijamwona akifanya tangu nizaliwe, mkono mmoja umeshika kifua juu ya kanga.

"Wamejibu! Kitundu, Wapole wamejibu!"

"Nani, Mama?"

"Tarishi wa boma ameleta barua, siku ya tatu baada ya nyinyi kuondoka. Hata kabla hujafika huko! Ona wapole walivyo. Mwinjilisti alitaka kunisomea, nikakataa. Karani wa jumbe naye akataka, nikakataa. Nikawaambia habari za mwanangu zitasomwa na mwanangu."

Nikamtazama Mzee Salimu akishuka kwenye lori. Alisikia. Aliuweka mkono wake kwenye mlango wa lori asiutoe.

Nyumbani Mama alikuwa amechinja jogoo wetu wa mwisho. Nikampa soksi, nikamwambia Wapole wamempa Msengi; akazipima kwa shibiri. "Mguu wa Msengi ni mkubwa kuliko huu," akasema, "lakini sufu inavutika." Akazitundika kwenye kigingi. Akaniwekea ugali, akaniwekea paja, sehemu ambayo huwa ya Msengi. Barua akaiweka kando ya sahani.

"Kula kwanza. Habari njema haisomwi na njaa."

Nilikula. Andikeni hilo mahali: nilikula. Mkono wa kulia unamega tonge, macho yako kwenye karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari minne, imepigwa chapa, jina la Msengi limekosewa herufi moja. Neno la pili lilikuwa lile tuliloandikiwa imla muhula uliopita, mimi nikalikosea nikachapwa viboko viwili. Nikajifunza siku ile, kwa hasira, kwamba maana yake ni kusikitika. Sasa nilijuta kulijua. Kama ningekuwa mjinga darasani kama mnavyosema, Msengi angeishi mpaka kesho.

"Umemaliza?" Mama akauliza. Alikuwa amepiga magoti mbele yangu, uso umekunjuka, mikono juu ya mapaja kama msichana anayengoja kuitwa jina. "Haya. Wapole wanasemaje?"

Ule uongo wangu wote, na kisima chake, na mti wake, na kikombe cha bati, ulikuwa mdomoni tayari. Nikaufungua mdomo.

"Wanasema pole, Mama."

Akangoja. Alidhani kuna zaidi.

"Pole ya nini?" akauliza. "Mbona mimi sijasafiri?"

Masanja alikuja matangani siku ya tatu, amesafiri kutoka Singida. Alipita katikati ya waombolezaji, akajilaza kwenye kitanda cha Msengi na viatu vyake, akaanza kupiga kelele: "Huyu Mnyiramba mtumwa wangu amekimbia kazi! Na asali yangu ya harusi iko wapi? Nani kainywa?" Watu wakacheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Mama naye akacheka, mara ya kwanza. Watu wote wakanigeukia mimi wakingoja nimjibu mtani, maana wananijua. Nikatazama mikono yangu. Kidole changu kilikuwa bado kimefungwa kitambaa cha yule mama, nimesahau kukifungua.

Soksi ziko kwenye dari, mahali palipokuwa na kibuyu.

Mlitaka kujua Wazungu Wapole wakoje. Wako kama sisi. Tukikutana bwenini jioni, msinipe pole, nimeshapewa ya kutosha. Nitukaneni, au nipeni kazi ya maji.